Jasho, Chumvi na Ushindi: Funzo la Msimu wa 1966

Timu inaposhinda, hakosekani mtu wa kueleza sababu. Mmoja atasema ni viatu vipya, wa pili atasema ni kocha mpya, na wa tatu atasema ni uji wa ulezi waliokunywa wachezaji asubuhi ya mechi. Kila mmoja anao ushahidi, na ushahidi wenyewe ni ule ule mmoja: si walishinda? Katika mazungumzo ya barazani hoja ya namna hiyo haina madhara. Katika sayansi madhara yake ni makubwa, kwani jambo la uongo lililoaminiwa kwa sababu ya ushindi huweza kuua watu, na jambo la kweli huweza kutupwa kwa sababu tu timu ilifungwa.

Makala haya yanachunguza msimu mmoja wa timu moja ya wanafunzi, yaani timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida katika mwaka 1966. Msimu huo ulisifiwa sana, na sehemu ya sifa zake ikapewa kinywaji kilichobuniwa na madaktari wa chuo hicho hicho. Je, ni kweli kwamba kinywaji ndicho kilichoshinda? Ili kulijibu swali hilo, hapana budi kwanza kufahamu mchezo, kisha jasho, kisha figo, na mwisho kufahamu nini maana ya ushahidi.

Mchezo na mazingira yake

Futiboli ya Kimarekani ni tofauti na kandanda inayochezwa Afrika Mashariki. Mpira wake umechongoka ncha mbili, na aghalabu huchukuliwa mikononi au kurushwa badala ya kupigwa kwa mguu. Timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja hushindana kuufikisha mpira huo nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, katika kiwanja chenye urefu wa meta 91 hivi toka mstari hadi mstari. Kwa kuwa kugongana ni sehemu ya mchezo, mchezaji huvaa helmeti kichwani na mito migumu mabegani, mapajani na magotini. Mchezo una robo nne za dakika 15 kila moja, lakini saa husimamishwa mara kwa mara, hata mechi nzima huweza kuchukua muda wa saa tatu.

Mazoezi huanza mwezi wa Agosti na mechi huanza Septemba, wakati jimbo la Florida, lililozungukwa na bahari pande tatu, lina joto kali na unyevu mwingi hewani. Mkazi wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hataona taabu kuielewa hali hiyo: nguo hulowa jasho, na jasho lenyewe halikauki. Sasa mtu huyo na afikiriwe akiwa amevaa helmeti na mito, akikimbia na kugongana kwa saa tatu.

Jambo lililozidisha hatari ni mila za mchezo wenyewe. Katika miaka ile makocha wengi wa Marekani waliwazuia wachezaji kunywa maji wakati wa mazoezi. Walidhani kwamba maji huleta kichefuchefu na mkakamao wa misuli, na kwamba kuvumilia kiu ni njia ya kumkomaza kijana. Wengine waliwapa wachezaji vidonge vya chumvi bila maji ya kutosha. Kila msimu walikuwapo vijana waliozirai viwanjani, na baadhi yao walikufa kwa kupandwa na joto.

Swali lililoulizwa kwa mzaha

Mwaka 1965, Dwayne Douglas, mchezaji wa zamani aliyekuwa akisaidia kuifundisha timu ya Florida, alimwuliza Dakta Robert Cade swali ambalo wengi wangelicheka tu. Dakta Cade alikuwa bingwa wa maradhi ya figo katika chuo cha tiba cha hapo hapo Gainesville. Swali lilikuwa hili: kwa nini wachezaji hawaendi haja ndogo wakati wa mechi? Douglas alikuwa ameona kwamba mchezaji huweza kupoteza kilo kadhaa za uzito katika mchezo mmoja, na hata hivyo asihitaji kwenda msalani.

Dakta Cade hakulicheka swali hilo. Yeye na wenzake watatu, Dana Shires, James Free na Alejandro de Quesada, walimwomba kocha mkuu, Ray Graves, ruhusa ya kuwapima wachezaji. Kocha alikubali, ila kwa sharti kwamba wapimwe wanafunzi wa mwaka wa kwanza tu, ambao wakati ule hawakuruhusiwa kuichezea timu kuu. Madaktari walichukua damu na jasho la vijana kumi, wakayapima.

Walivuna mambo matatu. Kwanza, uwiano wa chumvichumvi katika damu ulikuwa umevurugika. Pili, ujazo wa damu yote mwilini ulikuwa umepungua. Tatu, sukari ya damu ilikuwa imeshuka. Kwa hiyo kijana aliyeonekana mvivu katika robo ya nne ya mchezo huenda hakuwa mvivu hata kidogo. Mwili wake ulikuwa umeishiwa.

Hesabu ya joto

Misuli ya binadamu hubadili sehemu ya tano au ya nne tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Inayobaki hugeuka kuwa joto. Na uchukuliwe mfano wa mchezaji mwenye uzito wa kilo 90 anayezalisha joto la wati 600, yaani juli 600 kila sekunde. Katika dakika moja atakuwa amezalisha kilojuli 36. Ili kuipandisha halijoto ya kilo moja ya mwili kwa digrii moja ya Selsiasi, zahitajika kilojuli 3.5 hivi; kwa mwili wa kilo 90 ni kilojuli 315. Ukigawanya 315 kwa 36 utapata dakika tisa hivi. Maana yake ni kwamba, kama joto hilo lisingekuwa na njia ya kutoka, mwili wa mchezaji ungepanda digrii moja kila baada ya dakika tisa. Ungeanza na digrii 37, na kabla ya nusu saa kupita ungefika 40, ambako hatari ya kupandwa na joto huanza.

Njia kuu ya kulitoa joto hilo, hasa siku ambayo hewa ina joto karibu sawa na la ngozi, ni jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka. Hupoza kwa kukauka. Kila lita moja ya jasho inayogeuka kuwa mvuke juu ya ngozi huchukua kilojuli 2,400 hivi. Hilo ndilo linaloitwa joto fiche la mvukizo. Mchezaji wa mfano huu huzalisha kilojuli 2,160 kwa saa, na kwa hiyo anahitaji kukausha jasho la karibu lita 0.9 kila saa. Tatizo ni kwamba hewa yenye unyevu hupokea mvuke kwa shida. Jasho linalodondoka chini au kulowanisha nguo chini ya mito limepotea bure: maji yametoka mwilini, na joto limebaki. Ndiyo maana katika hali ya hewa ya pwani mchezaji hulazimika kutoa jasho jingi zaidi kuliko ambalo hesabu ingedai.

Kwa nini mkojo hukoma

Sasa laweza kujibiwa swali la Douglas. Figo mbili za mtu mzima huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka katika damu kila siku, lakini zaidi ya asilimia 99 ya majimaji hayo hurudishwa mwilini. Mkojo ni kile kiasi kidogo kinachobaki. Kiasi hicho si cha kudumu. Huamriwa na hali ya mwili.

Jasho lina chumvi, lakini si nyingi kama ile iliyomo katika damu. Mtu anapotokwa na jasho, hupoteza maji mengi kuliko chumvi, na damu inayobaki huwa na chumvi iliyokolea zaidi. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi huhisi mabadiliko hayo na kuamuru itolewe homoni ya kuzuia mkojo. Homoni hiyo huifanya mirija midogo ya figo irudishe maji zaidi kwenye damu. Wakati huo huo, kwa kuwa misuli na ngozi vinadai damu nyingi, mishipa inayopeleka damu kwenye figo hubana, na kiasi kinachochujwa hupungua. Mchezaji hakwenda msalani kwa sababu figo zake zilikuwa zikifanya kazi barabara: zilikuwa zikilinda akiba ya maji iliyosalia.

Hata hivyo figo hazitengenezi maji. Zaweza kupunguza upotevu, lakini haziwezi kurudisha kilichokwisha kutoka. Ujazo wa damu ukipungua, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, damu inayofika kwenye ngozi hupungua, utoaji wa joto hudhoofika, na mzunguko huo mbaya huendelea mpaka mtu anaanguka.

Kinywaji chenyewe

Madaktari walitengeneza kinywaji chenye maji, chumvi, sukari, potasiamu na fosfati. Ladha yake ya kwanza ilikuwa mbaya mno, hata ikawa vigumu kukinywa, mpaka mke wa Dakta Cade aliposhauri kitiwe maji ya limau. Baadaye kiliitwa Gatorade, kwa kulifuata jina la utani la timu hiyo, Gators, ambao ni mamba wa Kimarekani.

Kwa nini chumvi na sukari zitiwe pamoja? Jibu limo katika utumbo mwembamba. Mwaka 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba kuna mlango maalumu katika seli za utumbo unaopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja. Glukosi huvutwa ndani ikishikana na sodiamu, na vyote viwili vinapoingia, maji hufuata. Maji matupu hufyonzwa, na katika mazoezi ya muda mfupi yanatosha. Lakini sodiamu na glukosi kwa kiasi kinachofaa huharakisha ufyonzaji, sodiamu huyasaidia maji kubaki katika damu badala ya kupotea katika mkojo, na sukari huipa misuli nishati.

Jaribio la kwanza kiwanjani lilifanywa mwaka 1965, katika pambano la mazoezi kati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kikosi cha akiba cha timu kuu. Kwa mujibu wa masimulizi ya Dakta Cade mwenyewe, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliopewa kinywaji, walikuwa nyuma kwa pointi 13 kwa 0 ilipofika mapumziko, lakini katika kipindi cha pili wakageuza mambo na kushinda. Kocha Graves aliomba kinywaji hicho kwa ajili ya timu kuu. Tarehe 2 Oktoba 1965 Florida ilikutana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana siku ambayo, kama inavyosimuliwa, joto lilifika digrii 39, na Florida ikashinda kwa pointi 14 kwa 7.

Msimu wa 1966

Msimu uliofuata ndio ulioleta sifa. Florida ilianza kwa kushinda mechi saba mfululizo. Iliifunga Northwestern kwa 43 kwa 7, ikaifunga Louisiana kwa 28 kwa 7, na katika mechi ya saba ikaipita Auburn kwa 30 kwa 27. Pointi tatu za kuamua mechi hiyo zilipatikana kwa mkwaju wa Steve Spurrier, mpangaji mkuu wa mashambulizi, aliyeupiga mpira toka umbali wa yadi 40, yaani kama meta 37, ukapita katikati ya nguzo. Mwaka huo Spurrier alitunukiwa Tuzo ya Heisman, anayopewa kila mwaka mchezaji bora wa vyuo vya Marekani.

Timu ilifungwa mara mbili, na Georgia kwa 27 kwa 10 na Miami kwa 21 kwa 16. Msimu ulihitimishwa tarehe 2 Januari 1967 mjini Miami, katika mechi ya Orange Bowl, ambapo Florida iliishinda Georgia Tech kwa 27 kwa 12. Katika mechi hiyo Larry Smith, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikimbia na mpira yadi 94, karibu kiwanja kizima, akafunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chuo hicho kulitwaa taji la Orange Bowl. Hesabu ya msimu mzima ilikuwa ushindi tisa na kushindwa mara mbili.

Magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika juu ya kile kinywaji, na inasimuliwa kwamba kocha wa Georgia Tech, Bobby Dodd, alisema timu yake ilishindwa kwa kuwa haikuwa nacho. Mwaka 1967 kampuni ya Stokely-Van Camp ilichukua haki za kukitengeneza na kukiuza. Tangu hapo hadithi ikaenea duniani: timu ilikunywa, timu ikashinda.

Je, kinywaji ndicho kilichoshinda?

Hapa ndipo mwanafunzi wa sayansi anapopaswa kusimama na kuuliza. Na yatazamwe matokeo ya misimu minne inayofuatana. Mwaka 1964, kabla ya kinywaji kubuniwa, Florida ilishinda mechi saba na kushindwa tatu. Mwaka 1965, kinywaji kilipoanza kutumika, ilishinda saba na kushindwa nne. Mwaka 1966 ilishinda tisa na kushindwa mbili. Mwaka 1967 kinywaji kilikuwapo, lakini Spurrier alikuwa amekwisha kumaliza masomo. Timu ilishinda sita na kushindwa nne.

Mtu akitaka kudai kwamba kinywaji ndicho kilicholeta ushindi, atauchagua mwaka 1966 na kuinyamazia mingine. Mtu akitaka kudai kwamba ni Spurrier, atailinganisha 1966 na 1967. Lakini hata huyu wa pili hajathibitisha neno, kwa sababu kati ya msimu na msimu hubadilika mambo mengi kwa pamoja: wachezaji, wapinzani, majeraha, hali ya hewa, na bahati. Kinywaji hakikuupiga ule mkwaju wa yadi 40. Wala mechi ya Orange Bowl haikuchezwa katika joto la Septemba. Ilichezwa Januari, wakati wa kipupwe cha kule.

Mfano mwingine wa mchezo huo huo unaonyesha wazi zaidi udhaifu wa hoja hii. Mwezi wa Septemba 1954, kocha Bear Bryant aliwapeleka wachezaji wa chuo cha Texas A&M katika kambi ya siku kumi mahali paitwapo Junction, jimboni Texas, wakati wa ukame na joto kali. Mazoezi yalikuwa ya kikatili, na hayakuwa na mapumziko ya kunywa maji. Wengi walitoroka au kuacha mchezo, na mmoja alianguka kwa kupandwa na joto, akanusurika kufa. Mwaka huo timu ilishinda mechi moja na kushindwa tisa. Lakini mwaka 1956 timu hiyo ilishinda tisa, ikatoka sare moja, na haikushindwa hata mara moja. Mara watu wakaanza kusema kwamba kambi ya Junction, pamoja na kiu yake, ndiyo iliyozaa mabingwa.

Msomaji na aziweke hadithi hizi mbili sambamba. Ya kwanza husema kwamba timu ilishinda kwa sababu ilikunywa. Ya pili husema kwamba timu ilishinda kwa sababu ilifundishwa kuvumilia bila kunywa. Hoja ni ya namna moja, na majibu yanapingana kabisa. Hoja iwezayo kuthibitisha jambo na kinyume chake haithibitishi chochote. Na tofauti ya majibu hayo si ya maneno matupu: anayeifuata hadithi ya pili humtia kijana wa miaka 18 katika hatari ya kufa.

Tena hata lile pambano la mazoezi la mwaka 1965 lilikuwa jaribio dhaifu. Wachezaji walijua wanakunywa nini. Timu mbili hazikugawanywa kwa kura. Na lilikuwa pambano moja tu. Nguvu ya kazi ya Dakta Cade na wenzake haikuwa katika ubao wa matokeo. Ilikuwa katika vile vichupa vya damu na jasho, yaani katika kupima kilichopotea mwilini na kukirudisha kwa kiasi. Kama Florida ingalifungwa mechi zote za 1966, vipimo vile vingalibaki kuwa kweli.

Ushahidi ulikopatikana

Uthibitisho mkubwa wa kanuni ya chumvi na sukari haukutoka viwanjani. Ulitoka katika wodi za kipindupindu. Mgonjwa wa kipindupindu huweza kupoteza kwa kuharisha lita moja ya maji au zaidi kwa saa, na wakati ule tiba ya uhakika ilikuwa kumtia maji ya chumvi mshipani, jambo linalohitaji sindano, chupa na wauguzi. Mwaka 1968, mjini Dhaka, katika nchi iliyoitwa wakati ule Pakistani ya Mashariki na ambayo leo ni Bangladeshi, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa maji yenye glukosi na chumvichumvi, wakawalinganisha na wagonjwa wengine waliotibiwa kwa njia ya mshipa peke yake. Mahitaji ya maji ya mshipani yalipungua kwa asilimia 80 hivi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, vita viliwafukuza mamilioni ya watu wa nchi hiyo kwenda India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kilizuka na maji ya mshipani yakakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru chumvi na glukosi zipimwe, zitiwe katika mifuko, na wagonjwa wanyweshwe na jamaa zao wenyewe. Vifo, vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30, vilishuka chini ya asilimia 4 miongoni mwa waliotibiwa.

Kwa njia hiyo ndipo ulipopatikana ule mfuko mdogo wa chumvichumvi, ORS, ambao leo hupatikana katika zahanati za Tanzania, Kenya na nchi jirani, na ambao umeokoa makumi ya mamilioni ya watoto duniani. Tangu mwaka 2002, fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita moja ya maji ni hii: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, na sitrati ya sodiamu gramu 2.9.

Hapa lahitajika onyo. Kanuni ni moja, lakini vipimo ni tofauti. Kinywaji cha wanamichezo kina sukari ya gramu 60 hivi kwa lita, zaidi ya mara nne ya ile iliyomo katika ORS, na sodiamu yake ni kama robo tu. Mtoto anayeharisha asipewe kinywaji cha wanamichezo wala soda, kwa sababu sukari nyingi huweza kuvuta maji kuyaingiza utumboni na kuzidisha kuharisha. Apewe ORS. Ikikosekana, na huku akipelekwa zahanati, apewe maji safi lita moja yaliyokorogwa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha.

Kuzidisha nako ni hatari

Baada ya miaka mingi ya kuwanyima wanamichezo maji, wengine waliingia katika kosa la pili, la kuwahimiza wanywe kupita kiasi. Mtu akinywa maji mengi kuliko jasho linalomtoka, sodiamu ya damu huzimuliwa, maji huingia ndani ya seli, na ubongo huweza kuvimba. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 kati yao walikutwa na sodiamu iliyoshuka mno. Hata kinywaji cha wanamichezo hakimkingi mtu na hatari hii, kwa kuwa sodiamu yake ni chache kuliko ya damu. Kipimo, basi, ndicho kinachohitajika: mtu anywe anapoona kiu, wala asikatazwe, wala asilazimishwe.

Jaribio la shuleni

Walimu wa sayansi na wa michezo waweza kushirikiana kufanya jaribio lifuatalo, kwa ridhaa ya wanafunzi. Vifaa ni mizani ya kupimia uzito wa watu, chupa zilizowekwa alama za ujazo, na kipimajoto cha hewa.

1. Kila mchezaji aende haja ndogo, kisha apimwe uzito kabla ya mechi ya kandanda, akiwa na nguo chache na bila viatu.

2. Wakati wa mechi, kila mmoja anywe maji toka katika chupa yake kadiri apendavyo, na kiasi alichokunywa kiandikwe. Mchezaji yeyote asinyimwe maji.

3. Baada ya mechi ajifute jasho, apimwe tena akiwa na nguo kavu zenye uzito ule ule.

4. Jasho lake kwa lita ni karibu sawa na kilo alizopungua, ukijumlisha lita alizokunywa. Kwa mfano, aliyeanza na kilo 58.0, akamaliza na kilo 56.9, na akanywa nusu lita, ametokwa na jasho la lita 1.6 hivi.

5. Jaribio lirudiwe siku ya baridi na siku ya joto, na matokeo yachorwe katika grafu.

Darasa likishamaliza, mwalimu na awape swali hili: je, mngepanga vipi jaribio la kuonyesha kama kinywaji chenye chumvi na sukari kinamsaidia mchezaji kuliko maji matupu? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba haitoshi kuwanywesha wa timu ya shule kisha kungoja matokeo ya Jumamosi. Itawapasa kugawanya watu kwa kura, kuvifanya vinywaji viwili vifanane ladha ili mnywaji asijue anachokunywa, kupima kitu kinachopimika, kama mwendo au mapigo ya moyo, na kurudia mara nyingi. Wakishayafahamu hayo, watakuwa wamepata jambo ambalo wengi walioushangilia msimu wa 1966 hawakulipata: kwamba ubao wa matokeo humwambia mtu nani ameshinda, lakini haumwambii kwa nini.